Msimwitikie Chege

Mzee Naftaly aliwajua watu kwa miguu kabla ya kuwajua kwa sura. Ukipita mbele ya kibanda chake katika soko la Kariokor, alikutazama kuanzia kisigino akipanda polepole, na mara nyingi hakuona sababu ya kufika magotini. Kazi yake ilikuwa kukata akala, vile viatu vya mpira wa gurudumu ambavyo huzeeka baada ya mwenyewe. Alikuwa ameifanya kwa miaka mingi kiasi kwamba vidole viwili vya mkono wake vilikuwa vimepinda vikafuata umbo la mpini wa kisu, na hata akilala havikunyooka.

Jirani yake wa kibanda alikuwa Mativo, mshona mikanda, mtu ambaye mdomo wake haukujua Jumapili. Mativo alikuwa na jambo moja lililomsumbua. Kila Mzee Naftaly alipopigilia misumari alinung'unika kitu chini kwa chini, kwa mpigo ule ule, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza tena.

"Mzee, huo wimbo wako wa kanisa," alimwambia siku moja, "mbona miaka yote hii sijamsikia Yesu ndani hata mara moja?"

"Yumo."

"Ubeti wa ngapi?"

"Wewe shona mkanda. Kuna mtu suruali inamwanguka huko akikungoja."

Haukuwa wimbo. Yalikuwa majina ya watu thelathini na wawili, kila msumari jina moja. Kinyanjui wa Gathage, msumari. Muthengi wa Nzioka, msumari. Ndivyo nyapara alivyoyaita kila alfajiri mwaka wa kumi na saba, wakati Naftaly hajabatizwa bado, akiitwa Gathogo, kijana wa miaka kumi na saba mwenye mzigo kichwani na funza vidoleni. Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekosana kwao ng'ambo wakaja kumalizia ugomvi huku, na kwa kuwa bunduki haitembei yenyewe, walikusanya vijana wa nchi hii wawe miguu yao. Kikosi hicho cha wachukuzi kilikuwa na jina la Kizungu la maneno mawili. Midomo ya watu iliyasaga maneno hayo mpaka yakawa moja, Kariokor, na kambi yao ilipoondoka jina likabaki pale pale, likajengewa soko juu yake. Kila siku watu husema wanakwenda Kariokor kununua kikapu, na hawajui kwamba wanataja jeshi la watu waliokufa bila viatu.

Katikati ya mstari ule wa majina kulikuwa na mawili yaliyofuatana: Chege wa Ndirangu, Gathogo wa Ndirangu. Hapo Mzee Naftaly alipiga misumari miwili haraka haraka kama mmoja, halafu akaendelea. Mativo alidhani ndipo kibwagizo kilipo.

*

Nyumbani kwake kulikuwa Kaloleni, kwa mwanawe aliyefanya kazi ya reli. Huko alikuwa na mke. Mke huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa darasa la sita, na aliitwa Wangu, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake aliyefariki. Kwa desturi yao mtoto akishachukua jina, amechukua na mwenye jina. Basi Mzee Naftaly alimwita mke wangu, na mtoto naye alimwita Guka, yaani babu, akimgombeza kama mke.

"Mke wangu, leo umenipikia nini?"

"Nimekupikia hesabu za mgawanyo, Guka. Nawa mikono."

Hiyo ilikuwa Jumanne jioni, mwezi wa Julai, mwaka wa sabini na saba. Walikuwa wakila ugali na sukumawiki, na Wangu alikuwa akieleza kwa nini Fowsiya, rafiki yake, alikuwa amefanywa asimame nusu ya somo. Mwalimu wao, Mwalimu Ndindi, alikuwa na sheria yake ya kuita majina asubuhi. Mtoto akiitwa na hayupo, jirani yake wa dawati husimama akasema hayupo, na kusema sababu.

"Sasa leo ameitwa Waithera, na Waithera anaumwa na tumbo. Fowsiya akasimama akasema, 'Hayupo, mwalimu, ameenda kuolewa.'"

Mzee Naftaly alicheka mpaka akaweka tonge chini. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Na jirani akiitika 'nipo' badala ya mwenzake?"

"Huo ni uongo, Guka."

"Uongo mdogo tu. Wa kumsaidia."

"Mwalimu anasema si kumsaidia. Anasema ukimwitikia mtu ambaye hayupo, hakuna atakayekwenda kumtafuta."

Mzee Naftaly alitazama sahani yake. Wangu aliendelea kula. Watoto hawajui wanapokanyaga.

"Halafu Alhamisi," mtoto akasema, "darasa letu linaenda makumbusho."

"Makumbusho ya nani?"

"Ya vita. Vile vya kwanza, vya Waingereza na Wajerumani. Tunavisoma."

Ni kweli walikuwa wakivisoma. Kitabu cha Wangu kilikuwa na kurasa kumi na nne kuhusu vita vile, na picha za majemadari wawili wenye masharubu, na mstari mmoja uliosema kwamba wenyeji walisaidia kubeba mizigo. Walisaidia. Kama punda anavyosaidia.

Lakini Mzee Naftaly hakujua kusoma, na kitabu hakikumkera. Alichokuwa akikifikiria ni lile neno. Kanisani kwao mtu akitimiza mwaka tangu azikwe, jamaa zake hufanya ibada ya ukumbusho. Jina lake husomwa, watu husimama, baadaye chai. Ukumbusho ni wa mtu mmoja, hilo alilijua vizuri. Basi makumbusho ni ya wengi kwa pamoja. Makumbusho ya vita! Hatimaye, katika ofisi fulani, mtu mmoja mweusi mwenye akili alikuwa amefungua kabati, akakuta majina yale, akasema hawa watu nao wasomwe.

"Wazee wanaruhusiwa?" aliuliza.

"Nitamuuliza mwalimu. Unataka kuja, Guka?"

"Kuna mtu wangu," akasema, na Wangu akadhani ameitwa jina lake.

*

Mwalimu Ndindi alifurahi. Alikuwa na watoto thelathini na wanane na macho mawili tu, na mzee mmoja wa kushika mkia wa mstari alikuwa baraka.

Alhamisi asubuhi Mzee Naftaly aliosha miguu yake kwa sabuni, akavaa koti jeusi alilomzikia mkewe, akavaa akala mpya. Mfukoni alitia mkebe mdogo wa rangi ya viatu usio na rangi ndani. Kisha akapitia sokoni kumwomba Mativo aangalie kibanda.

Mativo alipoona koti, alisimama na kuvua kofia.

"Nani amekufa?"

"Nitakwambia nikirudi."

"Ni wa karibu?"

"Ni wa mbali. Lakini ni wangu."

"Pole sana, mzee." Mativo alikimbia mahali akarudi na pakiti ya sukari. "Matanga hayaendwi mikono mitupu. Waambie ni ya Mativo wa mikanda. Na usikae karibu na jiko, hilo koti linashika moshi."

Ndivyo Mzee Naftaly alivyofika kwenye makumbusho: koti jeusi, mkono mmoja umeshikwa na mjukuu wake, na mkono wa pili umekumbatia sukari.

Lilikuwa jumba dogo la mawe mjini, la ukumbi mmoja mrefu, ambalo siku hizi halipo. Mlangoni walipokewa na Phares, mwelezaji, mtu mwembamba mwenye koti la kaki na kijiti cha kuelekezea. Mzee Naftaly alimtazama miguu: viatu vilivyong'arishwa juu, vilivyotoboka chini. Mtu wa mshahara mdogo, akawaza, lakini anajitunza. Akampa ile sukari.

"Ya nini, Mzee?"

"Ya chai. Baadaye."

Phares alimtazama Mwalimu Ndindi, naye Mwalimu Ndindi akamtazama Wangu, na Wangu akaitazama dari. Phares akaiweka sukari juu ya meza yake kwa mikono miwili, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri.

Ziara ikaanza. Kulikuwa na tandiko la farasi ndani ya kioo. Kulikuwa na kofia ya bwana mmoja, na kofia hiyo ilikuwa na taa yake yenyewe, wakati nyumba nyingi za watoto wale zilikuwa na taa ya chemli. Kulikuwa na bunduki, tarumbeta, darubini, na chupa iliyowahi kuwa na mvinyo. Ukutani kulikuwa na ramani kubwa yenye mishale, myekundu ya Waingereza na myeusi ya Wajerumani, ikivuka mito na milima kana kwamba mishale haili posho wala haiharishi.

Phares hakuwa mtu mbaya. Alieleza alichofundishwa, na alikieleza kwa bidii. "Hapa jeshi lilivuka mto Rufiji," alisema, akigonga ramani, "likiwa na mizigo yote hii."

"Likabeba na nini?" aliuliza Fowsiya, ambaye hakuwahi kuona swali likipita bila kulidaka. "Lilikuwa na lori?"

"Magari yalikuwa machache. Barabara zilikuwa mbaya."

"Sasa lilibeba na nini?"

"Tutafika hapo."

Mzee Naftaly, nyuma ya mstari, alikuwa amesimama wima tangu walipoingia, mikono imenyooka, kama asimamavyo mtu kanisani. Alingoja. Tandiko lilipita, akangoja. Kofia ilipita. Alidhani labda haya ni mapambo, na ibada yenyewe iko ukumbi wa ndani. Walipofika kwenye ukuta wa mwisho, ambako hapakuwa na mlango mwingine, alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Bwana Phares. Majina yatasomwa saa ngapi?"

"Majina gani, Mzee?"

"Ya marehemu."

Watoto wawili watatu walicheka puani. Phares aliinamisha kijiti chake. "Mzee wangu," alisema taratibu, "hapa ni makumbusho. Ni mahali pa kuangalia vitu vya zamani. Hapa hakuna matanga."

Sasa ndipo Wangu alipoelewa lile koti, na ile sukari, na kwa nini babu yake alinyoa ndevu mara mbili asubuhi ile. Joto lilimpanda usoni. Si aibu ya kuchekwa na wenzake; hiyo alikuwa nayo pia, lakini ilikuwa ndogo. Ilikuwa aibu ya mtu aliyempeleka mzee wake safari ndefu kwenye mlango usiokuwepo.

"Guka, ni mimi," alisema. "Sikukueleza vizuri."

"Hapana, mke wangu. Ulieleza vizuri." Alitazama kote ukumbini, kioo kwa kioo. "Ni neno ndilo limedanganya. Wameliita makumbusho na hawakumbuki mtu."

Hakusema kwa hasira. Hasira yake ilikuwa imetembea sana, ilikuwa imechoka. Akaelekea kwenye benchi la karibu na mlango ili aketi, na hapo ndipo, juu ya benchi, kwenye kijisanduku cha kioo kisicho na taa, alipokiona. Kilikuwa kibati cha mviringo, kipana kama mfuniko wa chupa ya soda, chenye tundu la kupitishia kamba, na nambari zimegongwa juu yake.

"Hapa wameandika nini?" aliuliza.

Wangu alisoma, akitafsiri polepole kutoka Kizungu. "Kibati cha mchukuzi. Kilivaliwa shingoni. Mwenyewe hajulikani."

Mzee Naftaly alitoa ule mkebe wa rangi ya viatu. Alipambana na mfuniko kwa vidole vyake vilivyopinda, na Wangu akamsaidia kuufungua. Ndani, juu ya kipamba, kulikuwa na kibati kingine kama kile, ndugu yake tumbo moja.

"Huyu anajulikana," alisema.

Phares alisogea. Watoto wakasogea. Mwalimu Ndindi, aliyekuwa mwembamba na mdogo kiasi kwamba wageni humdhania mwanafunzi mrefu, alipenya akaja kuchutama mbele ya benchi.

"Ni chako, Mzee?"

"Changu kilipotea. Hiki ni cha kaka yangu."

"Anaitwa nani?"

Mzee Naftaly alifungua mdomo, na jina halikutoka. Alijaribu tena. Miaka sitini alikuwa amelipita kwa mbio, misumari miwili kama mmoja. Sasa alipotaka kusimama nalo, lilimkatalia.

"Halitoki peke yake," alisema mwisho. "Linakaa kwenye mstari. Ni lazima nianzie mwanzo."

Mwalimu Ndindi angeweza kusema saa zimekwenda. Basi lilikuwa la kukodi, na zamu yao ya kulitumia ilikuwa inakwisha saa sita. Badala yake aligeuka akasema, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi, "Darasa, kaeni chini. Mzee anaita majina."

Wakaketi sakafuni, watoto thelathini na wanane. Phares, baada ya kutazama kama kuna mkubwa yeyote anayepita, akaketi nao.

Mzee Naftaly alisimama. Kwa kuwa hakuwa na nyundo, alijipigia kwa kisigino.

"Kinyanjui wa Gathage."

"Nipo, mwalimu," alisema Fowsiya.

Kicheko kililipuka. Mwalimu Ndindi alimwangalia Fowsiya kwa jicho ambalo lingekausha nguo, na Fowsiya mwenyewe akajifunika mdomo. Lilikuwa limemtoka kwa mazoea tu. Lakini Mzee Naftaly alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua nje ya nyumba.

"Sauti ya Kinyanjui ilikuwa nzito kuliko hiyo," alisema. "Lakini aliitika upesi hivyo hivyo. Alikuwa mcheshi. Alikufa kwa kuhara, hata mzigo hakuwahi kuutua." Akapiga kisigino. "Muthengi wa Nzioka."

Mtoto wa mstari wa nyuma akasema, kwa woga, "Nipo."

"Rugara wa Mbogo."

"Nipo."

"Oguta wa Ochola."

"Nipo."

Basi ikawa hivyo. Hakuna aliyepanga. Kila jina lilipoitwa mtoto mmoja alilichukua, na kwa mara ya kwanza tangu Rufiji mstari ule ukawa na sauti za kurudisha. Wengine aliwaongezea neno: huyu alijua kupiga filimbi, huyu alimwogopa chura. Wengine aliwapita na jina tu, maana hakuwa na zaidi. Wangu alitaka kuitika na hakuitika. Alikuwa akitazama miguu ya babu yake. Kisigino kilikuwa kinapunguza mwendo.

"Chege wa Ndirangu," alisema Mzee Naftaly.

Mvulana mmoja alivuta pumzi ajibu.

"Huyu msimwitikie." Alikuwa ameinua mkono. "Huyu nilimwitikia mimi."

Akawaeleza. Mvua haikuwa ikikoma, na posho ilikuwa kibaba kimoja cha unga kwa kila kibati, mara nyingine nusu. Chege alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitatu, na ndiye aliyekuwa akimtoa funza jioni, akiushika mguu wake kama yai. Usiku mmoja Chege akafa, na mdogo wake akamzika gizani bila kumwambia mtu. Alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, nyapara akaanza kuita, naye alikuwa mgonjwa, hakuinua uso, aliwahesabu kwa sauti zao tu. Akaita Chege wa Ndirangu. Na Gathogo wa Ndirangu, ambaye hakuwa ameshiba tangu mwezi uliopita, akaitika nipo kwa sauti nzito yenye kikohozi. Kisha akaitwa yeye, akaitika kwa sauti yake.

"Nilivaa vibati viwili. Nilikula posho mbili. Siku kumi na moja."

Hakuna mtoto aliyecheka.

"Siku ya kumi na mbili kulipambazuka bila ukungu. Nyapara akaona mdomo mmoja unawaitikia watu wawili. Mimi nilichapwa; hilo si kitu. Lakini karani akauliza, huyu Chege yuko wapi. Tulikuwa tumeacha kaburi lake nyuma sana, na nilikuwa mtoto, niliogopa. Nikasema sijui. Karani akaandika ametoroka."

Alikigusa kile kibati ndani ya mkebe.

"Ndiyo habari iliyofika nyumbani. Ametoroka. Mama yetu alisema, basi kama ametoroka, yu hai, atarudi. Kila jioni alimbakizia kiazi chunguni. Mpaka alipokufa mama yangu, kiazi kimoja kilikuwa cha Chege, na mimi nilikuwa nakaa upande wa pili wa chungu, nakitazama, na sikusema. Nikapata watoto wangu, mmoja ilikuwa zamu yake kuitwa Chege. Nikakataa. Walinigombeza. Sikutaka mtu mwingine tena aliitikie jina lile."

Mwalimu Ndindi alikuwa na kalamu mkononi na kitabu cha majina cha darasa lake magotini, kwa kuwa alikibeba kila mahali. Alikifungua. Kisha akasema, na sauti ilimtoka ndogo, "Mzee, tumwite tena?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Chege wa Ndirangu," akaita Mwalimu Ndindi.

Huko nje gari lilipita, likaisha.

Na kwa kuwa ilikuwa sheria yao, na kwa kuwa kila mtoto pale aliijua, Wangu alinyanyuka sakafuni akaja akasimama karibu na babu yake, akamshika vile vidole viwili vilivyopinda, akamnong'oneza, "Guka. Wewe ndiye jirani yake."

Mzee Naftaly alinyooka, kisigino kwa kisigino.

"Hayupo, mwalimu," alisema.

"Kwa nini?"

"Amekufa. Amekufa Rufiji, mwezi wa pili, mvua ikinyesha, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Hakutoroka."

Mwalimu Ndindi aliandika. Aliandika kwenye kitabu cha serikali, chini ya majina ya watoto wake, kwa wino, na hakuuliza mtu ruhusa.

"Gathogo wa Ndirangu," akaita.

"Nipo," akasema mzee, na hapo ndipo alipolia.

Waliyamaliza majina yaliyobaki. Phares alisimama, akakung'uta suruali, akaenda kwenye kile kijisanduku kisicho na taa akakifungua kwa ufunguo, na Mzee Naftaly akakilaza kibati cha Chege kando ya kile kingine. Alisema yeye si mwandishi wa maelezo, maelezo huandikwa na wakubwa, na wakubwa huandika kwa mashine. Lakini kama mtoto ana mwandiko mzuri na karatasi ya daftari, yeye hataona. Wangu aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi zilizosimama wima: *Chege wa Ndirangu, mchukuzi. Alikufa Rufiji. Hakutoroka. Ndugu yake yuko Kariokor, anakata viatu.*

"Wakiitoa?" Fowsiya aliuliza.

"Nitairudisha," alisema Phares.

"Wakiitoa tena?"

"Wewe mtoto, utakuja uiandike upya. Si ndiyo kazi yenu?"

Kisha akachukua ile sukari ya Mativo juu ya meza yake, akaenda chumba cha nyuma alikokuwa na jiko la mafuta. Basi la kukodi lilipiga honi mara tatu barabarani. Mzee Naftaly alikunywa chai yake yote, taratibu, ameketi chini ya kibati cha kaka yake, kama inavyotakiwa.

Kabla ya kutoka alimnyooshea kidole Fowsiya, miguuni. "Hicho kiatu chako cha kulia kinacheka. Njoo Jumamosi. Na mwambie Kinyanjui asichelewe."

*

Mativo alimwona akirudi alasiri, amebeba koti begani. Alingoja mpaka mzee akae, akaona hawezi kungoja zaidi.

"Matanga yalikuwaje?"

"Yalichelewa."

"Yalichelewa kuanza? Hawa watu wa mjini hawana adabu ya saa. Yalichelewa kiasi gani?"

"Miaka sitini."

Mativo alimtazama, akafungua mdomo, na kwa mara moja katika maisha yake akaufunga bila kitu kutoka.

"Aliyekufa anaitwa Chege," alisema Mzee Naftaly. "Ni kaka yangu. Sukari yako ilimfikia."

Alivuta kipande cha gurudumu, akakiweka juu ya kigogo, akatia misumari mdomoni, akaanza. Mpigo ulikuwa ule ule. Mativo alishona mkanda wake akiufuata bila kujua, kama ilivyokuwa kawaida yake, mpaka walipofika mahali pa kibwagizo, ambapo misumari miwili hugongwa kama mmoja. Nyundo ilikaa juu. Soko likasikika, wauza vikapu, mtu anabishana bei, redio. Mativo alishika sindano hewani akisubiri.

Kisha nyundo ikashuka mara moja, polepole, ikaendelea na safari.

"Mzee," alisema Mativo, "umeruka pahali."

"Sijaruka," alisema Mzee Naftaly, misumari bado mdomoni. "Nimemwachia nafasi yake."